Koo la Katekista

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu kule Murusagamba, na nilipokuwa mtoto niliamini kwamba hakuna mtu anayemfahamu Kristo Mfalme kuliko yeye. Padre alifika kwetu kwa nadra, barabara ikikubali. Siku nyingine zote baba ndiye aliyefungua kanisa, akagonga kipande cha chuma kilichoning'inizwa nje badala ya kengele, akasoma, akahubiri, akazika wafu na kugombana na kwaya. Kanzu yake nyeupe aliifua mwenyewe. Alidai mama anaikamua kama ndizi za pombe.

Haya nayaandikia Nyabusozi, Biharamulo, nilikoolewa. Hapa baba yangu hajulikani, na sitadanganya, jambo hilo lilinipa nafuu nilipokuja. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Nadhani waliosema hivyo hawakupata kuishi kwenye kigango kidogo, ambako mavi ya kale yana jina na watu wanakusalimia nalo.

Nilikuwa kwenye darasa la Kipaimara mwaka ule Warundi walipovuka mpaka kwa wingi wakikimbia vita. Baba alitufundisha kila Jumamosi, tukiwa tumekaa kwenye magogo ya kanisani, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa hili la Kristo kuwa Kuhani na Mfalme. Padre alilifundisha kwa maneno marefu. Baba alilifundisha kwa pombe.

Alituuliza: mfalme hufanya nini? Tukajibu kwamba huketi. Na kuhani? Husimama, yuko kazini, anawatolea wengine sadaka. Sasa inakuwaje mtu mmoja aketi na asimame? Alipenda tukose jibu. Kisha akatueleza kuhusu wafalme wa zamani wa huku kwetu na ng'ambo ya mpaka, kwamba hawakugusa pombe kabla mtu mwingine hajaionja. Kama kuna sumu, afe mwonjaji. Mfalme huyu wetu, akasema baba, alipoletewa kikombe kichungu kuliko vyote hakumwita mwonjaji. Aliinuka kwenye kiti chake, akakishika kikombe mwenyewe, akanywa mpaka chini, ndipo akatupa sisi tunywe salama. Kwa kuinuka ndiye kuhani, na kiti bado ni chake.

"Nani alionja kwanza?" aliuliza kwa sauti ya juu.

"Mfalme!" tuliitika sote.

Mjukuu wangu anaweza kukwambia somo hilo leo, nimemfundisha. Sijamwambia lilikotoka.

Nyuma ya darasa alikaa bibi mmoja wa Kirundi, kwenye mkeka, akimenya maharage ya mama. Yeye na mwanawe walikuwa wamepewa kibanda mwisho wa migomba yetu. Mwanawe alimleta kutoka kwao kwa baiskeli, na pale baiskeli iliposhindwa alimbeba mgongoni, kwa sababu magoti ya bibi yalikuwa yamevimba. Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo baba alipochanganya lugha ili watoto wadogo waelewe, bibi naye alielewa. Tulipoitika "Mfalme!" yeye aliitika "Mwami!" nyuma yetu, amechelewa kidogo, na maharage mkononi. Tulicheka. Baba alifurahi mno. Alimwambia mama kwamba yule mzee peke yake ni kanisa zima.

Basi mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Wakimbizi wote waliokuwa wakikaa majumbani mwa watu walitakiwa wakusanywe, lori litakuja kuwapeleka kambini. Hakuna aliyeweza kukataa, amri ilitoka juu. Lakini kwa wazee wasiojiweza mwenyekiti aliacha mlango wazi kidogo. Kama kuna mwenyeji atakayesimama mbele ya watu na kusema huyu ni wangu, mzee huyo atabaki kwanza. Akaongeza kwamba mwenyeji huyo ajue anabeba mzigo wote, na ugonjwa ukiingia kijijini ataulizwa yeye.

Habari za kambini zilikuwa mbaya wakati ule. Watu waliharisha damu, walilala chini ya karatasi za nailoni, walizikwa na watu wasiowajua. Bibi alimwambia mama kwamba haogopi kufa. Anachoogopa ni kufia kwenye foleni. Alitaka abaki kwenye kile kibanda, amenye maharage, azikwe na watu wanaojua kwamba alikuwa mcheshi. Hakuomba zaidi ya hapo.

Kwetu jambo zito haliombwi mikono mitupu. Ukitaka mke, ukitaka kipande cha kulima au mahali pa kujenga, unapeleka pombe ya ndizi. Wewe uliyeileta unaonja kwanza, mbele ya macho ya wote, ili ijulikane haina ubaya. Kisha unayemwomba anashika mrija. Akinywa, neno lako limeingia mwilini mwake, na halitoki tena. Asipotaka, hatukanwi wala hakutukani. Anasema tu, "Tumbo langu leo haliko sawa," wote wanaelewa, pombe inanywewa na waliopo na mnaachana vizuri. Mlango wa kukataa upo, na ni mpana. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu ndilo linalonichoma hadi leo.

Yule mwana wa bibi alikuwa akivunia majirani na kulipwa ndizi. Alizivundika shimoni, akazikamua kwa majani, akatia unga wa mtama, na Jumapili ya Kristo Mfalme akaja na kibuyu kizima nyumbani kwetu baada ya ibada. Uani palijaa watu, wanakwaya na wazee wa kanisa, maana siku ya sikukuu wote walikuja kwetu kula. Baba alikuwa bado na jasho la mahubiri. Alikuwa amehubiri somo lake lile lile la kikombe, na safari hii aliwatoa machozi hata wanaume.

Kijana alionja. Akapiga goti, akasema, "Katekista, mama yangu hana miguu ya kwenda. Nakuomba usimame naye." Akampa baba mrija.

Mimi nilikuwa karibu, nimeshika beseni la kunawia mikono. Baba alitazama kibuyu, akatazama watu. Ningeapa kwamba alifikiria tumbo. Angesema tu tumbo langu leo haliko sawa! Lakini angesemaje, na muda mfupi uliopita alikuwa kanisani akimsifu Mfalme aliyekunywa mpaka chini? Akainama. Akaweka mdomo kwenye mrija, akafumba macho kama anayesali, akakaa hivyo muda wa kutosha. Watu wakapiga makofi. Wanawake wakapiga vigelegele.

Koo lake halikusogea. Baba alikuwa na koo kubwa, lenye kifundo kinachopanda na kushuka akimeza hata mate, na sisi watoto tulizoea kulicheka kwa siri mezani. Siku ile lilitulia tuli. Nilidhani nimeona peke yangu. Mtoto haulizi jambo kama hilo mbele ya wageni, wala nyuma yao, kwa hiyo nilizungusha beseni langu kama nilivyoagizwa.

Lori lilikuja katikati ya wiki. Liliegeshwa kwenye uwanja wa kanisa, na wakimbizi wakapanga mafurushi yao kando. Mwenyekiti aliwekewa meza, na wazee wa kijiji, baba akiwa mmoja wao, walikaa kwenye benchi tulilolitoa kanisani. Bibi alikuja kwa miguu yake, ameshikwa na mwanawe, amejifunga kitenge kizuri alichopewa na mama. Hakuwa na furushi, kwa kuwa haendi popote.

"Huyu anabaki," kijana akasema. "Katekista alikunywa."

"Alikunywa, tulikuwepo," watu wakadakia. Mwanakwaya mmoja akapiga kigelegele kifupi.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia baba akasema kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Basi Katekista, simama tu hapo ulipo, useme huyu ni wako, tuendelee na wengine. Ila unajua masharti. Ugonjwa ukiingia, ni wewe."

Baba alibaki amekaa.

Nilikuwa nimesimama na mama karibu na mlango wa kanisa. Nilianza kumsukuma baba kwa macho, kana kwamba macho yana mikono. Simama. Simama, baba. Kuna mtoto alianza kulia akanyamazishwa.

"Sikunywa," baba akasema.

Mwenyekiti akadhani hakusikia vizuri. Watu wakaanza kubisha, tulikuona, sote tulikuona kwa macho yetu!

"Niliweka mdomo tu," baba akasema, akitazama viatu vyake. "Sikumeza. Watu wanakufa kwa tumbo huko wanakotoka. Nina watoto. Kwa hiyo neno lake halikuniingia, sifungwi nalo."

Kisha mtu akacheka, kicheko kile kinachomtoka mtu akikosa pa kuficha uso. Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Mimi nilihisi joto likinipanda toka miguuni, nikatamani kanisa lile la udongo liniangukie. Angeogopa tu, ningemsamehe palepale, kwani nani hakuogopa mwaka ule? Lakini alitumia uongo wake kama ushahidi. Alijivua nguo hadharani ili aonyeshe kwamba hana mfuko.

Kijana alimrukia. Wanaume wakamshika. Na hapo bibi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi:

"Mwacheni mtu wa Mungu. Mimi nilijua. Nilikuwa naangalia koo lake."

Mama akamwuliza, karibu kwa hasira, "Ulijua? Mbona hukusema, bibi?"

"Ningesemaje, mwanangu, na nilikuwa nyumbani kwake?" Akamtazama baba bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Nilidhani atameza baadaye."

Wakamwinua kumpandisha kwenye lori. Alikuwa mwepesi, ilitosha mikono ya watu wawili. Mama alivua sweta yake akamrushia juu. Baba aliingia kanisani, akachukua ufagio akafagia, na aliendelea kufagia hata lori lilipokwisha kupotea nyuma ya kilima na vumbi likatua.

Tulirudi kwenye maisha, lakini maisha yalikuwa yamepata utani mpya. Vilabuni, mtu akisita na mrija, wenzake walimwambia, "Usinywe kikatekista, bwana." Mtu akitoa ahadi sokoni, aliulizwa kama amemeza. Shuleni mvulana mmoja alinifuata njia nzima akijishika koo. Nilimpiga jiwe, nikachapwa na mwalimu, na katika fimbo zile sikulia, kwa sababu niliona afadhali niadhibiwe kwa kosa langu mwenyewe.

Jumamosi baba alifundisha kama kawaida. Ilipofika zamu ya somo lile, akaeleza mfalme huketi na kuhani husimama, akafika kwenye kikombe, akauliza nani alionja kwanza. Tuliitika, lakini wachache, na macho yetu yote yalikuwa kwenye ile sehemu ya nyuma isiyo na mkeka. Mtoto mmoja akafyatuka kicheko. Baba akafunga kitabu, akasema tuishie hapo. Kutwa nzima hakula.

Mama ndiye aliyekivunja kimya kile. Alimwambia, "Nenda kambini. Kamua pombe yako, mpelekee, onja mbele yake." Baba alikubali upesi, nami nilifurahi. Alivundika ndizi zetu zilizo bora, akakamua kwa mikono yake, jambo ambalo hakuwa akilifanya tena kwa heshima ya kanzu. Pombe ilipoiva alianza kuwa na sababu. Baiskeli ina pancha. Kuna mgonjwa wa kusaliwa. Mvua inakuja. Pombe ya ndizi haisubiri mtu aone haya hadi amalize, inachacha. Asubuhi moja mama alikitoa kibuyu nje, akaniambia nivae viatu, na tukaondoka wawili. Baba alitusindikiza hadi mwisho wa migomba, pale kwenye kibanda, akasema, "Mwambieni." Hakusema tumwambie nini.

Tulipanda lori la maharage hadi tulipoweza, tukamalizia kwa miguu. Kambini palikuwa na moshi na nailoni za buluu kuelekea kila upande. Tuliuliza kwa jina la kilima cha kwao, kwani watu walikaa kwa vilima vyao hata huko, na tukaonyeshwa. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, amevaa ile sweta ya mama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, binti Katekista!" Alifurahi kweli. Kisha akaona kibuyu, akatazama njia tuliyotoka. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Anaumwa mguu," mama akasema.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani nilikuwa nimechoka tu na uongo unaotoka nyumbani kwetu. "Haumwi, bibi," nikasema. "Anaona aibu." Mama alinifinya hadi nikaruka, na bibi akacheka, kile kicheko chake cha kwenye mkeka.

"Pombe ni ya nani?"

"Yake. Ameikamua mwenyewe."

"Basi nani anaionja?"

Mama alinyoosha mkono, ila mimi nilikuwa nimeshauchukua mrija. Nikasema ninamwonjea baba. Bibi aliacha kucheka. Akapapasa magoti yake, akasema, "Mtoto kumwonjea baba! Kweli tumefukuzwa makwetu." Kisha akanisogelea. "Haya, onja. Lakini umeze."

Nilimeza. Pombe ilikuwa imeanza kuwa kali, ikanichoma, na bibi alikuwa ameniinamia akilitazama koo langu kwa makini, hana haya, kama mtu anayetazama kama maziwa yamechemka. Aliporidhika alichukua mrija. Sikutaka kumtazama. Nilimtazama. Lile koo lake jembamba likapanda, likashuka, likapanda tena. Alikunywa kama mtu mwenye kiu, na alipomaliza alijifuta mdomo kwa mkono wa sweta.

"Mwambie baba yako nimekunywa," akasema. "Mimi nikinywa, nimekunywa."

Chombo hakirudishwi kitupu. Pombe iliyobaki aliimimina kwenye sufuria yake, akaingia ndani, akatoka na konzi ya mahindi ya njano, yale ya mgawo, akayatia kwenye kibuyu. Mama alikataa, bibi akamkaripia. Njia nzima ya kurudi mahindi yale yalilia ndani ya kibuyu mgongoni mwangu, na nilitembea nikiona kwamba kila tunayepishana naye anayasikia.

Baba alikuwa akitungoja kwenye kibanda. Sijui alikaa pale tangu saa ngapi. Nilimpa kibuyu, akakitikisa, akaelewa. Alimimina mahindi kiganjani, akayatazama.

"Nani alionja?" akauliza. Alikuwa ameuliza swali lile mamia ya Jumamosi, ila safari hii kwa sauti ndogo, kama mwanafunzi.

"Mimi, baba."

"Akanywa?"

"Akanywa. Nililiona koo lake."

Aliitikia kwa kichwa. Baadaye alinunua mpira mpya wa baiskeli, akakamua pombe nyingine, na safari hii nadhani angekwenda. Lakini kabla haijaiva yule kijana alituma salamu kwa mtu aliyepita, kwamba mama yake amezikwa, kwamba watu wa kilima chao walikuwepo. Baba aliimwaga ile pombe kwenye shina la mgomba nyuma ya kibanda. Aliendelea kuwa katekista hadi mvi zikamjaa, akafundisha watoto wengi kuliko hao waliomcheka, na wote aliwaambia kwamba Kristo ni Kuhani na Mfalme, kama kitabu kinavyosema. Habari ya mwonjaji hakuitaja tena.

Hapa Nyabusozi tuna mapadre wa kutosha, na Jumapili ya Kristo Mfalme huwa na Misa kamili. Padre akikiinua kikombe kunywa, wenzangu huinamisha vichwa. Mimi siwezi. Nalitazama koo lake hadi nione limemeza, ndipo nami nainama.